Kistari cha Mzunguko wa Tisa

Mimi ndiye ninayeandika ule ukurasa wa Jumamosi ambao wapenzi wa mbio za magari huusoma na wengine hufungia vyombo wanapohama nyumba. Kila mbio zinapokaribia nazipitia timu moja moja: nani anapanda, nani anashuka, nani anajitia hamnazo huku injini yake inakohoa. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Madereva hunichangamkia Alhamisi na kuninunia Jumamosi, na nikinuniwa na wote kwa pamoja najua nimeandika kweli.

Mashindano yetu si makubwa. Timu ni sita, kila timu na gari moja, na watu wanazitaja kwa rangi tu: Wekundu, Weupe, Weusi, Bluu, Njano na Kijani. Dereva wa Njano ni mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumbani kwetu. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka sita na mimi ishirini na moja, kwa hiyo nimemlea mwenyewe. Nimemfulia, nimemchapa, nimemsainia fomu za shule, na siku aliponiambia anataka kuendesha magari ya mbio nilikwenda kulia jikoni na kumwambia ni vitunguu. Kazini wote wanajua. Ndiyo maana Njano huwa nawaandikia mistari mitatu mikavu, nisije nikaambiwa nabeba ndugu.

Sasa lazima nieleze tunavyopanga kurasa, maana balaa lote lilianzia hapo. Tuna fundi wa kurasa, kijibaba kimoja kimya, ambaye ukimwuliza gari la mbio lina viti vingapi atakujibu vinne. Kila Ijumaa hupanga kurasa mbili kwa mpigo: ule wa Jumamosi wenye uchambuzi wangu, na ule wa Jumatatu wenye matokeo. Huo wa Jumatatu una jedwali. Timu sita zimepangwa kushuka chini, na mbele ya kila timu kuna matokeo ya mbio zake nne zilizopita, halafu safu ya tano, ya Jumapili ambayo bado haijafika. Fundi hapendi safu tupu, hawezi kupima upana wake. Basi hujaza humo namba za uongo, zozote zinazomjia, ili zishikilie nafasi. Jumatatu asubuhi mimi hufungua ukurasa, nafuta uongo, naandika ukweli. Tumekuwa tukifanya hivyo tangu aajiriwe, na sidhani kama kuna msomaji anayejua.

Baada ya mbio moja nilifika Jumatatu, nikafungua ukurasa, nikakuta matokeo yameshaandikwa. Wekundu wa kwanza, Weusi wa pili, Weupe nje mzunguko wa ishirini na tatu, yote sawasawa. Nikadhani nimeshayaandika mwenyewe Jumapili kwa uchovu nikasahau. Nikajiambia uzee unabisha hodi, nikanywa chai.

Mbio zilizofuata, nikakuta hivyo hivyo. Safari hii nilijua sikuandika, kwa sababu Jumapili nzima nilikuwa nimelala na homa na mbio nilizisikiliza redioni. Nikamwuliza fundi nani ameingiza matokeo. Akanitazama huku anatafuna njugu.

"Hakuna aliyeingiza. Hizo ni zangu za Ijumaa."

"Zako za Ijumaa zimelingana zote sita?"

"Basi bahati," akasema, na akageukia matangazo ya samani.

Nilitaka sana kucheka. Kubahatisha timu moja ni bahati. Kubahatisha sita, pamoja na mzunguko ambao giaboksi ya Bluu ilivunjikia, mara mbili mfululizo, hiyo sijui inaitwaje. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na angeacha kuniangalia kwa huruma lini?

Ijumaa iliyofuata sikusubiri Jumatatu. Saa nne asubuhi nilisimama nyuma ya kiti chake, nikamwomba anionyeshe jedwali. Akalifungua. Wekundu 1, Weupe 2, Weusi 3, Kijani 4, Bluu 5. Na kwa Njano kulikuwa na namba 9, kisha kistari kirefu.

Gazeti letu lina alama zake. Aliyemaliza anaandikiwa nafasi yake. Aliyeshindwa kumaliza anaandikiwa mzunguko aliokwamia na neno "nje". Kuna alama ya tatu, nayo imetumika mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita, dereva wa Bluu wa wakati ule alipogonga ukuta na kukata roho palepale. Mhariri wa zamani alisema hawezi kumwandikia marehemu "nje", kama mtu aliyefukuzwa ukumbini. Akaamuru iandikwe namba ya mzunguko, na baada yake kistari kirefu, basi. Fundi wa kurasa ana miaka miwili kwetu. Alama ile haijaandikwa kwenye kitabu chochote. Tuliobaki tunaoijua ni mimi na mlinzi wa getini, ambaye zamani alikuwa mpiga chapa.

"Hiki kistari umekiweka kwa nini?" nikamwuliza.

"Kipi?" Akakodoa macho. "Aa. Kidole tu kimeteleza, dada. Si utafuta Jumatatu?"

Nilitoka nje hadi kwenye ngazi, nikampigia mdogo wangu. Alikuwa gerejini kwao, nasikia spana zinagonga na mtu anaimba vibaya.

"Jumapili usiendeshe," nikamwambia.

"Shikamoo na wewe, dada."

"Sitanii. Sema unaumwa tumbo. Waachie dereva wa akiba."

"Dereva wa akiba anakitolea macho kiti changu, dada. Nikimpa Jumapili, Jumatatu ni chake. Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, namba, kistari, mhariri wa zamani. Kwa dakika nzima niliamini ameniamini. Kisha nikasikia anavuta pumzi kwa pua, kama anavyofanya tangu utoto akizuia kicheko.

"Dada, umelala saa ngapi jana?"

"Nakuomba."

"Kunywa maji. Lala. Jumapili jioni nakuja kwako, unipikie." Akakata simu. Nilibaki nimeishika, hasira zimenipanda hadi masikioni, na chini ya hasira kulikuwa na woga ambao sijawahi kuwa nao hata siku ya mama.

Saa saba watu wote walikwenda kula. Nikaketi kwenye kiti cha fundi, ambacho kina joto lake na maganda ya njugu. Nikakifuta kile kistari. Nikafuta na ile 9. Nikaandika 6, nikahifadhi, nikafunga, nikafungua tena. 9, kistari. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikaifuta safu nzima ya Jumapili, namba zote, nikahifadhi. Nilipofungua zilikuwa zimerudi zote na kistari chake. Ningeweza kusema kompyuta ni mbovu, na nilijaribu kusema hivyo, kwa sauti, peke yangu mle chumbani. Lakini nilipobadilisha neno moja kwenye kichwa cha habari, neno lilikaa. Nilipobadilisha matokeo ya mwezi uliopita, yalikaa pia, ikabidi niyarudishe.

Kisha nikajaribu kitu kingine. Nilikishika kistari na 9 yake, nikakihamishia kwa Bluu, na 5 ya Bluu nikaileta kwa Njano. Nikahifadhi. Nikafunga. Nikafungua. Njano 5, na kistari kimekaa kwa Bluu kama kimezaliwa pale. Kilikubali kuhama. Kuondoka ndiko kilikokataa.

Nilitoa mikono kwenye kompyuta, nikaiweka mapajani. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika kumi na nane. Saa nane wangerudi.

Basi nikazipitia timu moja moja, kama ninavyofanya kila Ijumaa.

Bluu walikuwa wameanza kupata nguvu. Baada ya giaboksi kuwaangusha walimaliza wa tatu, na mazoezi ya Alhamisi walikuwa wepesi kwenye kona. Dereva wao ana mapacha wa miezi miwili. Aliniletea picha, akaniuliza yupi anafanana naye, na wote walifanana na viazi. Nikakirudisha kistari kwa Njano haraka, kana kwamba kingeunguza, na Bluu nikawarudishia 5 yao.

Wekundu wameshinda mara tatu katika nne. Mafundi wao wanabadilisha matairi kabla hujamaliza kupiga chafya. Dereva wao simpendi, ana dharau, ananiita "mama wa gazeti" mbele za watu. Nilikaa kwa Wekundu muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini mwaka jana nilipoteguka mguu ni yeye aliyenibebea mkoba hadi kwenye gari, bila kusema neno. Nilijitahidi nimchukie vya kutosha, nikashindwa.

Weupe ni wepesi Jumamosi na wazito Jumapili. Dereva wao anafundisha hesabu siku za kazi na wanafunzi wake huja na mabango. Weusi wamempata binti wa miaka ishirini na mbili, mara ya kwanza alikuwa wa sita, kisha wa nne, kisha wa pili, anapanda kama maziwa jikoni. Mama yake hukaa gerejini na chupa ya chai, hatazami njia hata mara moja, anasubiri tu sauti ya gari la mwanawe ipite. Mama yule huwa namkwepa, kwa sababu namwelewa mno.

Wakabaki Kijani. Wa nne, wa tano, wa nne, wa nne. Gari kuukuu, mafundi waaminifu, hawashindi na hawaharibikiwi. Dereva wao kila mtu anamwita Mjomba. Miaka hamsini na moja, na Jumapili ile ilikuwa mbio zake za mwisho kabla ya kustaafu. Mkewe alishatangulia. Binti yake ni mkubwa, ana kazi, anajitegemea. Nilijiambia: ameshaishi. Nilijiambia: hana mtoto mdogo. Nilijiambia maneno mengi mazuri, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba lazima awe mtu, na asiwe wangu.

Nikakiweka kistari kwa Kijani. Ile 4 ya Mjomba nikampa mdogo wangu. Nikahifadhi, nikafunga, nikafungua tena. Kilikuwa kimetulia.

Nikarudi kwenye meza yangu nikaandika uchambuzi wa Jumamosi. Njano mistari mitatu, kama kawaida. Kijani niliwaandikia aya mbili. Niliandika jinsi Mjomba anavyoingia kwenye kona, taratibu, kama mtu anayeingia kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Niliandika kwamba katika miaka ishirini na sita hajamsukuma mtu nje ya njia. Maneno yalikuja yenyewe na sikufuta hata moja. Mhariri aliposoma akaja hadi mezani kwangu na karatasi mkononi.

"Imetulia sana hii," akasema. "Ila mbona umemwandika kama ameshaondoka?"

"Si anaondoka? Anastaafu."

"Hapa umeandika 'alikuwa'. Mara tatu."

Nikabadilisha zote tatu, naye akatosheka.

Jumamosi nilikwenda uwanjani kwenye mbio za kupanga nafasi. Nilikuwa nimepanga kukaa mbali na gereji ya Kijani, lakini Mjomba aliniona akanipungia gazeti.

"Mpwa wangu! Njoo hapa. Umeniandika kama bwana harusi." Akafuta kigoda kwa kitambaa, akaniketisha. Mafundi wake walicheka. Ukurasa wangu ulikuwa umebandikwa ukutani kwa gundi ya plasta, juu ya rafu ya spana. "Binti yangu amenisomea kwenye simu, akalia. Nikamwambia bado nipo, mama, lia Jumatatu."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua.

"Breki," nikasema. "Breki zako zikoje?"

"Mpya. Tumezifunga asubuhi hii." Akaniinamia. "Una nini? Umekuwa mweupe."

Ningeweza kumwambia. Ni mtu mwenye subira, angenisikiliza hadi mwisho, na pengine angeamini, maana madereva wa zamani wana mambo yao. Wengine hawakanyagi mstari mweupe, wengine hawavai helmeti mpya siku ya mbio. Angeweza kukaa nje. Na kama yeye angekaa nje, kile kistari kingekwenda wapi? Nilikuwa nimekiona kikirudi kwa Njano mara nne. Nikaufunga mdomo wangu.

"Jua tu," nikamwambia. Akamtuma fundi mmoja aniletee maji.

Jumapili mbio zilianza saa nane. Nilisimama mahali pangu pa siku zote, nyuma ya uzio, mkabala na mstari wa kumalizia, na daftari ambalo sikuandika kitu ndani yake. Mzunguko wa kwanza, magari sita. Wa tano, sita. Wa nane yalipita kwa mkupuo, Wekundu mbele, Mjomba wa nne, mdogo wangu nyuma yake, na nilimwona Mjomba amejiweka upande mmoja kama anayetaka kumpisha.

Mzunguko wa tisa nilisikia kabla ya kuona. Haikuwa kishindo. Ilikuwa sauti moja iliyopungua katika zile sita, kama mtu anayeacha kuimba katikati ya kwaya. Upande ule wa njia watu wakasimama. Mama wa binti wa Weusi aliinua uso, mara ya kwanza tangu nimjue. Magari yakatokea kwenye kona, nami nikayahesabu. Sikutafuta Kijani. Nilitafuta Njano kwanza, nikaiona, inapunguza mwendo, mkono wa mdogo wangu uko juu akimwashiria aliyekuwa nyuma. Nikafurahi. Sitasema kitu kingine badala yake, nilifurahi, na furaha ile ilidumu muda mrefu sana huku gari la wagonjwa linapita mbele yangu.

Walisema ni usukani. Ulikatika kwenye kona ile ile anayoiingia taratibu. Mbio zilisimamishwa, zikaanza upya baada ya saa moja na nusu, na mdogo wangu akamaliza wa nne.

Jumatatu niliufungua ukurasa. Nilikaa mbele yake robo saa.

"Mbona huandiki?" fundi akauliza.

"Hakuna cha kuandika."

Akachungulia jedwali, akatazama mstari wa Kijani, kisha akanitazama mimi. "Hiki kistari mimi nilikiweka kwa Njano," akasema polepole. Aliacha kutafuna. Tangu siku ile akinipisha mlangoni hunipisha kwa mbali.

Tulimzika Jumatano. Madereva watano walisimama mstari mmoja, wamevaa mavazi yao ya mbio, na jua lilikuwa kali. Binti wa Mjomba alitoa gazeti kwenye mkoba, akasoma zile aya zangu mbili mbele ya watu wote, ile ya kona, ile ya kutomsukuma mtu. Sauti yake haikutetemeka. Watu waligeuka kunitazama, wengine wakaniitikia kwa kichwa, kwa shukrani. Alipomaliza alinijia moja kwa moja akanikumbatia.

"Shangazi," akaninong'oneza, "ni kama ulijua."

Nilimpigapiga mgongoni. Aliponiachia, mdogo wangu alikuwa ameshafika ubavuni kwangu, macho mekundu, vumbi la kaburi kwenye viatu. Alimpenda sana yule mzee. Alinishika bega, akajaribu kutabasamu, kama tunavyojaribu wote nyumbani kwetu mambo yakituzidi.

"Dada," akasema, "siku yangu ikifika, na mimi uniandike hivyo hivyo."

Nilimzaba kofi. Lililia kama ubao uliovunjika. Alishika shavu akanitazama, mdomo wazi, kama ana miaka sita tena. Mtu fulani nyuma yangu akasema, mwacheni, ni uchungu. Nikamvuta kifuani kwangu kwa nguvu zangu zote, nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio ndani ya yale mavazi mazito, mzima, wa moto.

"Wewe sikuandiki," nikamwambia sikioni. "Umesikia? Nitawaandika wengine wote kwanza."

Akanikumbatia na yeye, akilia. Alidhani namfariji.